Kimya cha Sebuleni

Watu wakiniuliza mke wa mwanangu anafanya kazi gani, nami huwauliza: leo au jana? Maana binti huyu alipoingia nyumbani kwetu alikuwa mbunifu wa tovuti. Nikajifunza kulisema neno hilo mbele ya wanawake wenzangu bila kigugumizi, na kabla sijalizoea akawa mtengeneza filamu. Filamu nazo nilipoanza kuzielewa, akasimama kwenye uchaguzi akawa diwani. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawakusema lolote kuhusu anayeshika tatu, nadhani kwa sababu hawakubahatika kukutana na mkwe wangu.

Mimi kazi yangu ilikuwa moja. Nilishona mapazia tangu usichana mpaka macho yaliposema basi. Marehemu mume wangu naye alipiga chapa kwenye kiwanda kimoja tu mpaka kilipofungwa, na hata baada ya hapo kucha zake zilibaki na weusi wa wino. Kwa hiyo msinione mkali nikisema kwamba mkwe wa kurukaruka hivi alinitia mashaka. Nilimwambia mwanangu wazi. Akanijibu kwamba mke wake habadilishi kazi, kazi ni ileile, anabadilisha vifaa tu. Nikajisemea huyu mapenzi yamemfumba macho.

Walipokuwa hawajapata kwao walikaa chumba chetu cha nyuma, na humo ndimo alimokuwa akipanga rangi na picha za biashara za watu kwenye kompyuta: saluni, shule ya udereva, daktari wa meno. Mteja wake wa kwanza kabisa alikuwa kijana mmoja aliyeuza mchanga na matofali kwa lori la kukodi. Siku tovuti hiyo ilipokamilika alituita wote tuione. Ilikuwa ya rangi ya chungwa na kijani, tofali linazunguka pembeni kama lililopandwa na mashetani, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno kwamba tovuti hii imebuniwa na fulani binti fulani. Mume wangu alivaa miwani akaanza kusoma huko chini. Akampa mkono. Akamwambia fundi asiyetia jina lake kwenye kazi ana jambo analolificha. Tangu siku hiyo binti hakutengeneza tovuti bila kuandika jina lake mwishoni. Lishikeni jina hilo, litarudi.

Baadaye akachoshwa na kupamba maduka ya watu, akaanza kushika kamera. Filamu zake si zile za kupigana na kupendana. Ni za watu wa kweli wakisema mambo yao ya kweli, na ya kwanza ilihusu wapiga chapa wazee waliobaki bila kiwanda. Mume wangu akawa nyota. Alivaa koti, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la sebuleni, akasimulia mpaka nikashangaa, kwa kuwa mimi niliyelala naye miaka yote hiyo mengine nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Walipomaliza nikaanza kukusanya vikombe. Mkwe akanizuia. Akasema sasa anahitaji dakika moja ya sauti ya chumba, watu wote wanyamaze. Nikamwuliza chumba kina sauti gani. Akanieleza kwamba kila chumba kina kimya chake, hakifanani na cha chumba kingine, na akija kukata maneno ya baba na kuyaunga, palipo na pengo huziba kwa kimya cha chumba hichohicho. Akitia cha kwingine, msikilizaji atagutuka hata kama hajui kwa nini. Hapo nilimwelewa vizuri sana. Mimi nami sikuwahi kutia kiraka cha kitambaa cha kigeni kwenye pazia la mtu.

Basi tukanyamaza. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni nimeshika kijiko, mwanangu ameegemea ukuta, binti amevaa visikizi vikubwa kichwani na kufumba macho. Sasa mume wangu alikuwa na kifua kibovu, na kukaa kimya kwake kulikuwa kazi nzito kuliko kusema. Katikati ya dakika yenyewe akanong'ona: "Bado?"

"Baba, umeharibu," binti akasema huku anacheka. "Tunaanza upya."

Tukaanza upya, mzee akakohoa. Tulipofanikiwa, chai ilikuwa imepoa na mimi nimenuna. Lakini yeye alifurahi kama mtoto. Akambandika binti jina la Fundi Kimya, na kila alipomwona anaingia mlangoni aliweka kidole mdomoni na kutembea kwa kunyata. Aliniambia nisimdharau, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mzee alitutoka kabla filamu haijaonyeshwa. Walinialika, nikasema macho yananisumbua. Sikuwa tayari kumsikia anaongea wakati kiti chake nimekiacha nyumbani kitupu, na mpaka leo filamu hiyo sijaitazama.

Yule muuza matofali, kumbe, hakulala. Akanunua lori, akanunua la pili, akafungua kampuni, kisha akanunua kiwanja nyuma ya mtaa wetu na kuweka mtambo wa kusaga kokoto. Mimi niliuita Jirani, kwa sababu ulikuwa karibu nami kuliko binadamu yeyote, ila hausalimii. Asubuhi ukianza kunguruma, vikombe vinagongana kabatini. Ukuta wa juu ya mlango ukapata ufa, nikauziba, ukarudi na mdogo wake. Mapazia niliyoyashona kwa mkono wangu yakawa na rangi ya simenti. Wanangu wakinitembelea, tukawa tunapiga kelele mezani bila kugombana, na mgeni akija anadhani nyumba ina ugomvi.

Mkwe wangu alitengeneza filamu kuhusu mtaa huo, ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa shule. Watu wakatazama sura zao na vumbi lao ukutani, na walipotoka wakamwambia kwamba filamu ni nzuri lakini mtambo hauangalii filamu. Wakamwomba agombee. Mimi nilimwonya kwamba siasa ni kujipalia makaa. Hakunisikia, akagombea, akashinda. Nilimpigia kura, ila sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Udiwani wake ulikuwa wa ajabu. Madiwani wengine huja na maneno, yeye alikuja na maswali. Aliingia nyumba za watu, akauliza jambo moja, kisha akanyamaza akikutazama mpaka wewe mwenyewe ukaona aibu ukasema yote, hata ya ndoa yako. Wengine walisema anaringa. Wengine walisema hajui kuhutubia, na hilo lilikuwa kweli. Kwenye mikutano ya hadhara alisimama pembeni ya jukwaa lake mwenyewe kama anayesubiri mwenye mkutano afike. Lakini ahadi aliyoitoa ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua: kibali cha mtambo kikiisha, hakitaongezwa.

Kibali kikaisha. Kampuni ikaomba kingine cha miaka kumi, na baraza la madiwani likapanga siku ya kupiga kura. Hapo mwanangu akaja akakaa mbele yangu, akanishika mikono kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema kibali kikipita, tutaiuza nyumba, nitahamia kwao, ghorofani. Kifua changu nacho kilikuwa kimeanza kupiga filimbi, na daktari alishaniambia vumbi ndilo linalonimaliza. Sikuwa na pa kukwepea. Nikampa neno langu: wakishinda wao, nahama. Nilipobaki peke yangu nilikigusa kile kiti cha dirishani nikalia, kwa sababu ghorofani kwao hakuna mahali pa kukiweka, na nyumba ile ndimo nilimoishi na mume wangu. Sikuwa na mume mwingine wala nyumba nyingine ya kumkumbukia.

Wiki ileile mkwe alikuja na kinasa sauti chake cha zamani. Akaniambia nisijishughulishe, anataka dakika moja ya sauti ya chumba. Nikamwambia, kimya gani utakachokipata humu, binti? Jirani ananguruma, kabati linatetemeka. Akasema anachukua hichohicho kilichopo. Nikajua ana filamu nyingine kichwani, nikamwacha.

Siku ya kura tulijaa ukumbini, sisi watu wa mtaa, kwenye viti vya nyuma vya wananchi. Mwanangu alikaa kando yangu. Alishapiga hesabu zake: kura ya mke wake ndiyo ingetuvusha. Bila hiyo pande mbili zinalingana, na zikilingana mwenyekiti wa baraza ndiye mwenye neno la mwisho, na neno la mwenyekiti lilijulikana hata na wauza karanga wa nje.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka aliposimama diwani mmoja mwembamba tuliyemwita Kanuni, kwa kuwa hata akiomba maji ya kunywa hutaja kifungu. Akaomba ruhusa ya kuonyesha kitu ukutani. Mwanga ukawaka, na ukutani ikatokea tovuti ya kampuni ya kokoto. Rangi ya chungwa na kijani. Kampuni ilikuwa imekua, ikabadilisha jina, ikaongeza picha za malori na za mwenye kampuni amevaa kofia ngumu, lakini ubahili ni ubahili: tovuti ilikuwa ileile ya enzi za lori la kukodi. Kanuni aliuteremsha ukurasa polepole, chini, chini, likapita tofali linalozunguka, mpaka akafika mwisho kabisa. Hapo akaikuza ile mistari midogo, na jina la mkwe wangu likajaa ukuta mzima.

Ukumbi ukalipuka. Kanuni akanukuu kifungu chake: diwani aliyewahi kuifanyia kazi kampuni yenye ombi mbele ya baraza hutakiwa kutangaza mapema, na asipotangaza hapigi kura. Mwenyekiti hakuhitaji kushawishiwa. Akamwondoa kwenye kura palepale, akamwambia kwa ukarimu wa paka kwamba ana dakika chache za kujieleza. Nyuma yangu mtu mmoja wa mtaa wetu alisema kumbe tumeuzwa.

Mkwe wangu alisimama. Nilitaka apige meza, aseme ilikuwa zamani, aseme alikuwa mtoto. Badala yake akasema ni kweli, tovuti hiyo ni yake, na kwamba alidhani imeshakufa, na alipaswa kuhakikisha na kusema, na hakusema. Kisha akaongeza kwamba lile tofali linalozunguka analiombea radhi kwa namna ya pekee. Watu wachache wakacheka. Akaunganisha kompyuta yake na spika za ukumbi.

"Naomba dakika moja ya kimya," akasema.

Jamani. Kwa watu wa filamu hilo ni ombi la kazi tu, lakini kwenye baraza la madiwani dakika moja ya kimya ina maana moja. Mwenyekiti akainuka, akainamisha kichwa. Madiwani wote wakainuka. Sisi wa nyuma tukainuka na kuvua kofia, mama mmoja akaninong'oneza nani amefariki. Mkwe wangu alibaki ameduwaa, mdomo wazi, nikajua hakukusudia hivyo hata kidogo. Lakini hakumkalisha mtu. Akabonyeza.

Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia njiwa juu ya bati, na mtoto mbali sana anaita mwenzake, na kijiko kikigusa kikombe kidogo tu, kisha kikatulia. Mwili wangu ulijua kabla yangu. Kile kijiko kilikuwa mkononi mwangu mimi. Na kwenye spika zile kubwa, juu ya vichwa vilivyoinama vya watu wazima wenye tai, mume wangu akanong'ona:

"Bado?"

Nilimshika mwanangu mkono, naye alikuwa ameshanishika. Sikulia kwa adabu. Nililia kama siku ya maziko, na hakuna aliyeniona wa ajabu, maana wote walikuwa wamesimama kimsiba.

Sauti ikakatika, ikaja ya pili bila kutangazwa. Jirani. Akaujaza ukumbi na mngurumo wake, vikombe vyangu vikagongana, kioo cha kabati kikalialia. Na wao bado wamesimama, vichwa chini, kwa sababu dakika ya kimya haikatizwi. Kanuni akafumba macho. Kulikuwa na diwani mnene tuliyemwita Ndiyo Mzee, kwa kuwa mkono wake ulipanda kila ulipopanda wa mwenyekiti. Yeye akaanza kutazama huku na huku akitafuta wa kumwambia yatosha, mwishowe akaziba masikio kwa viganja. Iliendelea. Dakika ni ndefu jamani, hamjui tu.

Ilipokwisha, mkwe wangu akasema: "Hiyo ya kwanza ni sebule ya mama mkwe wangu. Ya pili ni sebule hiyohiyo, wiki hii." Akakaa.

Mwenyekiti akaita kura haraka, kabla watu hawajapoa. Wanaokubali kibali wanyooshe mikono. Wa kwake akaupandisha yeye, na ikapanda ya wengine, na sote tukamtazama Ndiyo Mzee. Alikuwa ameilaza mikono yake miwili juu ya meza, anaitazama kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa avilinde. Mwenyekiti akakohoa. Mikono haikunyanyuka. Kibali kikaanguka kwa kura moja.

Watu wa mtaa walishangilia mpaka wakatolewa nje, na yule aliyesema tumeuzwa ndiye aliyeshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote, kama kawaida ya binadamu. Mimi sikushangilia. Nilimtafuta mkwe wangu, nikamkuta kwenye korido ameketi kwenye ngazi anakunjakunja nyaya zake. Nilikuwa na hasira, msidhani sikuwa nayo.

"Ungeniambia," nikamwambia. "Yule ni mume wangu. Unamtoa kaburini mbele ya watu, mimi nimekaa nyuma sina habari."

"Niliogopa utasema hapana, mama."

"Ningesema hapana."

Akainamisha kichwa. "Basi nimekosa. Nisamehe." Halafu akasema, "Ile iliyoharibika sikuitupa. Baba alipofariki nilikuwa naisikiliza peke yangu, siku nikizidiwa."

Mimi miaka yote hiyo nilidhani msiba ule ni wangu na mwanangu, huyu mwenzetu alikuja kutusindikiza tu. Nikaketi kando yake kwenye ngazi, magoti yangu yakalalamika, nikamsaidia kukunja nyaya. Nilizikunja vibaya, naye hakunisahihisha.

Ushindi ule ulikuwa na bei, na aliyeilipa ni yeye. Chama chake kilimwita, kikamwambia diwani asiyetangaza kazi zake za zamani ni aibu kwa chama, na uchaguzi uliofuata jina lake halikurudi. Akamwaga unga. Siku alipopata habari alikuja kwangu badala ya kwenda kwake, akasimama jikoni na mkoba begani. Nilijaribu kumtania kwamba sasa nitawaambia nini wanaoniuliza kazi yake. Akajaribu kucheka, akashindwa.

"Hii ndiyo niliyoitaka, mama," akasema. "Zile nyingine nilikuwa nazipitia tu. Hii niliitaka."

Sikuwa na methali ya kumpa. Nilimkumbatia, nikamwacha alie, nikamsogezea kiti akae. Na ndipo nilipoyaona aliyosema mwanangu zamani, kwamba kazi ni ileile. Kupanga ukurasa ili mtu aonekane, kukaa na kamera ili mtu asikike, kuingia barazani na sauti ya sebule ya mwanamke mzee: mwanangu hakuwa amefumbwa macho, mimi ndiye ambaye sikutazama.

Jirani aliondolewa kipande kwa kipande. Walipochukua kipande cha mwisho mtaa ulinyamaza ghafla, na nawaambia kweli, nilikosa raha. Niliijua kila sauti ya mtambo ule, lakini kimya changu nilikuwa nimekisahau. Nilizunguka nyumbani nikigusa vitu. Alasiri mkwe akabisha hodi, kinasa sauti mkononi.

Hakuwa na filamu, alisema, wala hakuwa na kazi. Alitaka tu kukichukua kimya hicho, kabla hatujakizoea.

Akaniketisha. Nilikwepa kiti cha dirishani kama nilivyokikwepa siku zote, nikakaa kinachokitazama. Akavaa visikizi, akafumba macho, akanyoosha kidole, tukaanza. Saa ikagonga. Njiwa akatembea juu ya bati. Mbali kidogo mtoto alimwita mwenzake, sijui mtoto wa nani, wa zamani wameshakuwa watu wazima. Vyote vilikuwepo. Nikawa nasubiri kile kilichobaki, nakisubiri kutoka upande wa dirisha, mpaka nikasikia sauti inanitoka mwenyewe.

"Bado?"

Binti akafumbua macho. Nikasubiri aniambie nimeharibu, tuanze upya. Hakuvua visikizi wala hakugusa mashine.

"Bado, mama," akasema taratibu. "Bado kidogo."

Akafumba macho tena, nami nikanyamaza, tukaiacha iendelee.